Gololi ndani ya glisirini: namna ya kupima kasi kikomo ukiwa Dar es Salaam

Wengi waliosoma fizikia kidato cha tano na sita wamewahi kudondosha gololi kwenye silinda ya glisirini, wakapiga hesabu, wakapata mnato (kiasi cha ugumu wa kimiminika kutiririka) usiofanana na wa kitabuni. Lawama mara nyingi huangukia saa ya kupimia muda. Kwa hali ya hewa ya Dar es Salaam, saa ndiyo ya mwisho kulaumiwa. Kinachoharibu jibu kwanza ni joto, halafu unyevu wa hewa, halafu ukuta wa silinda yenyewe. Kipimajoto na mfuniko vitakusaidia kuliko saa ya bei ghali.

Kwanza tuelewane kuhusu kinachopimwa. Gololi inayozama inavutwa chini na uzito wake. Kimiminika kinaisukuma juu kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa kimiminika kilichohamishwa, na zaidi ya hapo kuna ukinzani unaokua kadiri gololi inavyoongeza kasi. Msukumo na ukinzani vikijumlishwa vikalingana na uzito, gololi haiongezi kasi tena. Hiyo ndiyo kasi kikomo. Mwaka 1851 George Gabriel Stokes alionesha kwamba kwa tufe dogo linalokwenda taratibu ukinzani ni 6πηrv, ambapo η ni mnato, r ni nusukipenyo na v ni kasi. Ukipanga vizuri unapata:

v = 2r²(ρ₁ − ρ₂)g ÷ 9η

ρ₁ ni densiti ya gololi, ρ₂ ni ya kimiminika. Kwa g, yaani mchapuko unaotokana na mvutano wa dunia, andika 9.78, si 9.81. Dar es Salaam iko karibu na ikweta na iko usawa wa bahari, kwa hiyo mvutano hapa ni mdogo kidogo. Tofauti ni asilimia 0.3 tu, lakini kuandika namba sahihi hakugharimu chochote.

Vifaa na mahali pa kuvipata

Gololi: nenda kwenye maduka ya spea za baiskeli, Kariakoo wapo wengi, uombe gololi za beringi. Zinauzwa kwa vipimo vya inchi: 1/8 (mm 3.18), 5/32 (mm 3.97), 3/16 (mm 4.76) na 1/4 (mm 6.35). Unazihitaji zote nne, lakini kazi kubwa itafanywa na zile ndogo za 1/8, zinazokaa ndani ya friwili. Chukua kumi na mbili hivi. Densiti ya chuma chake ni kama kg 7800 kwa mita ya ujazo. Gololi za kioo za watoto ni kubwa mno kwa kazi hii. Shanga nazo ziache: tundu la ushanga linabeba hewa, na hewa ile inaubeba ushanga.

Glisirini: ml 500, yote ya chapa moja na toleo moja. Inapatikana maduka ya dawa na kwenye maduka ya malighafi za sabuni na vipodozi. Hakikisha chupa imeandikwa glisirini tupu, maana nyingine za kupaka zimeshachanganywa na maji na manukato.

Silinda ya kupimia ya ml 500, ya kioo au plastiki angavu. Kipenyo cha ndani huwa karibu sm 5. Kipime mwenyewe kwa kalipa, usikikisie.

Vingine: mikromita (au kalipa ya dijitali), kipimajoto kinachosoma angalau nusu nyuzi, mizani ya jikoni ya dijitali, raba bendi tatu, kibano, sumaku yenye nguvu, karatasi ya nailoni ya kufunikia silinda, na simu yenye kamera.

Kabla hujadondosha chochote: pima glisirini yenyewe

Hatua hii watu huiruka, na ndiyo inayoamua kila kitu. Weka silinda tupu kwenye mizani, irudishe mizani kwenye sifuri, mimina hadi alama ya ml 500, soma. Kwa nyuzi 30, glisirini safi ya ujazo huo ina karibu gramu 627. Ikiwa na maji asilimia 5 ni kama gramu 620, na asilimia 10 ni kama 614.

Gramu saba zinaonekana si kitu. Sasa tazama mnato kwa joto hilohilo la nyuzi 30: glisirini safi ni Paskali-sekunde 0.61, ikiingiwa na maji asilimia 1 tu inashuka hadi karibu 0.50, asilimia 5 inafika karibu 0.24; asilimia 10 ni 0.11. Yaani gramu saba za tofauti kwenye mizani zimeondoa zaidi ya nusu ya mnato. Mwanafunzi anayelinganisha jibu lake na namba ya kitabuni bila kupima uzito huu analinganisha vitu viwili tofauti.

Na maji hayo si lazima yawe yametiwa na muuzaji. Glisirini inafyonza unyevu kutoka hewani, na hewa ya pwani haina upungufu wa unyevu. Silinda iliyoachwa wazi usiku kucha inakuwa na tabaka jepesi juu. Kwa hiyo funika kwa nailoni na raba bendi muda wote, funua wakati wa kudondosha tu, na ukimaliza rudisha glisirini kwenye chupa ya kufunga kabisa.

Kama glisirini safi haipatikani, mafuta ya nyonyo yanafaa. Hayana tabia hiyo ya kunywa maji, mnato wake kwa nyuzi 30 ni kama 0.45, na densiti ni kama 950. Asali inategemea ya mzinga gani na ina maji kiasi gani. Inafaa kwa mchezo, haifai kwa kulinganisha. Shampuu usijaribu: mnato wake unabadilika kulingana na nguvu inayoisukuma, na mlinganyo wa Stokes hauhusiki nayo. Mafuta ya kupikia ni mepesi mno kwa gololi za chuma.

Joto

Glisirini safi ina mnato wa 1.41 kwenye nyuzi 20 na 0.61 kwenye nyuzi 30. Ni kama asilimia 8 kwa kila nyuzi moja. Asubuhi ya Julai na mchana wa Februari, chumba kilekile na chupa ileile vitakupa majibu mawili yanayopishana vibaya, na yote mawili ni sahihi.

Kwa hiyo: weka silinda chumbani angalau saa tatu kabla, mbali na dirisha lenye jua na mbali na kiyoyozi. Usiishike kwa kiganja. Ishike kwenye kitako. Tumbukiza kipimajoto hadi katikati ya kina, si juu tu, soma kabla ya mfululizo wa kwanza na baada ya wa mwisho. Joto likipanda zaidi ya nusu nyuzi katikati ya kazi, anza upya. Kufanya saa moja asubuhi, kabla jua halijapiga ukuta, kunaondoa nusu ya tatizo.

Hatua za kupima

1. Osha gololi kwa sabuni ya vyombo na maji ya moto. Gololi mpya zinakuja na mafuta, na mafuta hayo yanashika viputo vya hewa. Suuza, kausha kabisa, kisha usiziguse kwa vidole.

2. Pima kipenyo cha kila gololi kwa mikromita, mara tatu ukiizungusha. Kwenye mlinganyo nusukipenyo kiko kwenye kipeo cha pili, kwa hiyo kosa la asilimia 1 hapa linakuwa asilimia 2 kwenye jibu.

3. Mimina glisirini ukiinamisha silinda, itiririke ukutani taratibu. Ukimimina kwa juu utapata viputo vidogo ambavyo havitoki kwa saa nyingi. Vikishaingia, iache silinda ikiwa imefunikwa hadi kesho yake.

4. Vuta raba bendi tatu kwenye silinda: ya kwanza sm 5 chini ya uso wa glisirini, ya pili sm 8 chini yake, ya tatu sm 8 nyingine. Zibaki sm 5 au zaidi hadi chini. Ukitazama kwa usawa, upande wa mbele wa raba ufunike upande wa nyuma; usipofunika, jicho au kamera iko juu au chini mno.

5. Weka simu kwenye kitu kisichotikisika, umbali wa kama mita moja na nusu, kamera ikiwa usawa wa raba ya katikati. Vuta picha kwa zumu badala ya kusogea karibu. Kamera ikiwa karibu, raba ya juu na ya chini zinaonekana kwa pembe na umbali unakudanganya.

6. Shika gololi kwa kibano, ichovye kwenye glisirini hadi izame yote, itikise kidogo hewa itoke, kisha iachie katikati kabisa ya silinda ikiwa tayari chini ya uso. Usiidondoshe kutoka juu hewani.

7. Rekodi video. Baadaye hesabu fremu kati ya raba na raba. Simu nyingi zinarekodi fremu 30 kwa sekunde, kwa hiyo fremu moja ni sekunde 0.033. Ukilazimika kutumia saa ya mkononi, tarajia kosa la sekunde 0.1 hadi 0.2, ambalo kwa muda wa sekunde tatu na nusu ni asilimia 3 hadi 6.

8. Rudia kwa gololi tano zenye kipenyo sawa. Iliyokwenda upande na kukaribia ukuta usiihesabu. Gololi ya kutoa inavutwa na sumaku kutoka nje, taratibu, ikipanda ukutani. Kisha subiri dakika chache kimiminika kitulie.

Sasa linganisha muda wa nusu ya juu na wa nusu ya chini. Vikilingana ndani ya fremu moja au mbili, gololi ilikuwa kwenye kasi kikomo tangu raba ya kwanza. Watu huwa wanadhani ile sm 5 ya mwanzo ipo ili gololi ipate nafasi ya kufikia kasi hiyo. Kwa gololi ya mm 3.18 kwenye glisirini ya nyuzi 30, kuongeza kasi kunaisha ndani ya kama sehemu nne za mia za sekunde, umbali wa milimita mbili hivi. Sm 5 zipo kwa ajili ya fujo ya kuingia, mkono wako na kibano.

Nusu ya juu ikipitwa haraka kuliko ya chini, sehemu ya juu ni nyepesi: ama imekunywa unyevu, ama ina joto zaidi. Pima joto juu na chini. Likilingana, tatizo ni maji. Nusu ya chini ikipitwa haraka, kagua kama gololi ilibeba kiputo kilichobanduka njiani.

Hesabu, na marekebisho mawili yasiyoepukika

Tuseme gololi ina kipenyo cha mm 3.18, silinda ina kipenyo cha ndani cha mm 48, joto ni nyuzi 29, na mm 160 zimepitwa kwa sekunde 3.60. Kasi ni m 0.0444 kwa sekunde. Ukiiweka moja kwa moja kwenye mlinganyo, kwa densiti 7800 na 1255, unapata mnato wa 0.81.

Namba hiyo imezidi, na imezidi kwa sababu mbili zinazojulikana.

Ya kwanza ni ukuta. Stokes alihesabu tufe lililo ndani ya kimiminika kisicho na mwisho. Ndani ya silinda, kimiminika kinachosukumwa na gololi lazima kirudi juu kupitia nafasi iliyobaki, na hilo linaipunguza kasi. Zidisha kasi uliyopima kwa 1 + 2.4(d/D), d kikiwa kipenyo cha gololi na D cha silinda. Hapa ni 1 + 2.4 × 0.066, yaani 1.16. Kasi inakuwa 0.0515 na mnato unashuka hadi 0.70. Ukitumia silinda nyembamba ya mm 25, rekebisho hilo linafika asilimia 30, na hapo huwezi tena kuliamini sana. Ndiyo maana silinda ya ml 500 na si ya ml 100.

Ya pili ni kwamba gololi haiendi taratibu kama Stokes alivyodhani. Kipimo chake ni namba ya Reynolds: densiti ya kimiminika × kasi × kipenyo ÷ mnato. Kwa mfano huu ni 1255 × 0.0444 × 0.00318 ÷ 0.70, karibu 0.25. Gawanya mnato kwa 1 + 3/16 ya namba hiyo, yaani 1.05. Jibu la mwisho ni 0.67, ambalo ndilo linalotarajiwa kwa glisirini safi kwenye nyuzi 29. Bila marekebisho kosa lingekuwa zaidi ya asilimia 20, na hakuna saa duniani ambayo ingelirekebisha.

Rekebisho la pili linaaminika namba ya Reynolds ikiwa chini ya 1. Ikizidi hapo, badili gololi iwe ndogo, au tafuta kimiminika kizito zaidi. Kwa mfano glisirini yenye maji asilimia 5 kwenye nyuzi 30 inaipa hata gololi ndogo ya 1/8 namba inayozidi 1, na hesabu yote inakuwa ya kukisia.

Hapo ndipo zile gololi kubwa zinapata kazi. Dondosha za 5/32, 3/16 na 1/4, rekebisha kasi kwa ajili ya ukuta, kisha chora grafu ya kasi dhidi ya r². Mwanzo wa grafu ni mstari mnyoofu unaotoka kwenye sifuri. Kadiri unavyoelekea kwenye gololi ya mm 6.35, nukta zinaanza kulala chini ya mstari. Usizilazimishe kwa rula. Kule kulala ndiko kuondoka kwenye eneo la Stokes, na mwalimu makini atakupa alama kwa kulionesha.

Hewani mambo ni mengine

Kosa linaloonekana mara kwa mara ni kuubeba mlinganyo wa Stokes hadi kwenye hewa. Chukua tone la mvua la masika lenye kipenyo cha mm 2. Stokes atakupa zaidi ya mita 100 kwa sekunde. Kiuhalisia tone hilo linaanguka kwa karibu mita 6.5 kwa sekunde, na hata matone makubwa ya mm 5 hayazidi sana mita 9. Mlinganyo ule hewani unafaa kwa vitone vidogo sana vya ukungu na mawingu tu: kitone cha nusukipenyo cha mikromita 10 kinashuka kama sm 1.2 kwa sekunde, na hapo Stokes yuko sahihi.

Kwa vitu vya kawaida hewani, ukinzani unafuata kasi kwenye kipeo cha pili: ½ρCAv², A ikiwa eneo linalokabili hewa na C namba inayotokana na umbo. Kulithibitisha hilo hakuhitaji glisirini wala mikromita. Nunua pakiti ya karatasi za kuokea keki ndogo, zile zenye mikunjo pembeni. Uzuri wake ni kwamba ukiziweka moja ndani ya nyingine uzito unaongezeka lakini umbo na eneo vinabaki karibu vilevile.

Pima uzito wa karatasi 50 pamoja ugawanye, maana mizani ya jikoni haioni karatasi moja. Tafuta ngazi za ghorofa zenye uwazi wa mita tatu au zaidi, bandika futi ya fundi ukutani kwenye mita moja ya mwisho, weka simu kwenye mwendo wa polepole wa fremu 120. Funga madirisha, zima feni. Fanya mapema, kabla upepo wa baharini haujaanza kuingia kila upenyo. Karatasi moja inaanguka kwa mita moja na nusu tu kwa sekunde, na upepo usiousikia usoni unatosha kuipeleka pembeni.

Dondosha karatasi moja, halafu mbili, tatu, nne, zikiwa zimetazama juu. Pima kasi kwenye ile mita ya mwisho tu. Hapa kuongeza kasi si jambo la milimita mbili. Kitu chenye kasi kikomo ya m 1.4 kwa sekunde kinahitaji kama sm 30 kufika karibu na kasi hiyo. Chenye m 2.8 kinahitaji m 1.2. Anayepima muda wote kutoka mkononi hadi sakafuni anachanganya vipindi viwili, na kosa linakuwa kubwa zaidi kwa rundo zito. Kwa karatasi tisa ungehitaji karibu mita tatu kabla hata ya kuanza kupima, kwa hiyo ishia nne au tano kama ngazi ni fupi.

Chora v² dhidi ya idadi ya karatasi. Ukipata mstari mnyoofu kutoka sifuri, umethibitisha kipeo cha pili: karatasi nne zinaanguka kwa kasi mara mbili ya moja, si mara nne. Kutafuta C, tumia densiti ya hewa ya kg 1.16 kwa mita ya ujazo, inayofaa kwa nyuzi 30 usawa wa bahari, na eneo la mdomo wa karatasi ulivyo, si la kitako. Mstari ukipinda chini kwenye marundo makubwa, ngazi yako ni fupi. Nukta ya karatasi moja ikiwa peke yake nje ya mstari, itazame video yake: karatasi iliyofunguka mikunjo ina eneo kubwa zaidi, na iliyoyumba imesafiri njia ndefu kuliko mita uliyoandika. Tumia karatasi ambazo zimekaa ndani ya rundo na hazijashikwashikwa, na ubadilishe baada ya mara chache za kudondosha.